Jina lipo kwenye orodha, kaunsela hayupo: kisa cha wifi yangu na bima ya Houston

Wifi yangu, mke wa kaka, alijifungua mtoto wa pili hapa Houston, na kwenye kliniki ya mtoto ya miezi miwili akapewa karatasi ya maswali kumi ajaze kuhusu hali yake yeye mwenyewe, sio ya mtoto. Hicho ni kipimo cha Edinburgh, kilitoka Uskoti mwaka 1987 na siku hizi kinatumika karibu kila mahali, hapa Marekani madaktari wa watoto wanashauriwa wawapime akina mama kwenye kliniki za mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne na wa sita. Alama za juu kabisa ni 30. Yeye alivuka 13, na ukivuka hapo daktari hawezi kukuacha uende hivihivi. Daktari alikuwa mpole sana, akamwambia hii inaonekana ni sonona ya baada ya kujifungua, inatibika, sio uvivu na sio kukosa imani, akamuuliza kama ana mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hakuwa nayo, halafu akampa karatasi nyingine imeandikwa piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya bima utafute kaunsela anayepokea bima hiyo.

Basi, ndo hivyo tu. Sentensi moja, na hiyo sentensi ilikula miezi.

Naandika kwa ruhusa yake na kuna vitu vidogo nimevibadilisha. Mimi kazi yangu ni madai ya bima kwenye kliniki ya mifupa, yaani kutwa nabishana na makampuni ya bima kwa mshahara, kwa hiyo lugha yao naijua, na hata hivyo hili la afya ya akili lilinionyesha vitu ambavyo kwenye magoti na viuno huwa sivioni. Ndo maana nataka kulichambua vizuri badala ya kulalamika tu.

Kwanza mjue mazingira. Mtoto wa kwanza alimzalia Moshi, akakaa arobaini yake yote kwa mama yake, mtori kila asubuhi, anakandwa maji ya moto, mtoto analetwa anyonye na kuchukuliwa. Huku mama yake alinyimwa viza, kaka yuko shifti za usiku kwenye ghala, mimi nakaa upande wa pili wa jiji na wanaoijua Houston wanaelewa upande wa pili maana yake nini. Kanisani walimwambia aombe, na wengi walisema kwa nia njema kabisa. Bima ni ya kazini kwa kaka, na diduktibo yake ni kubwa, ile hela unayomaliza kulipa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kuchangia.

Haya, orodha. Kampuni ya bima (sitaitaja, wala haisaidii kuitaja) ina tovuti nzuri kweli, unaingia, unachagua mwanamke, ndani ya maili kumi, anapokea wagonjwa wapya, anashughulika na akina mama waliojifungua, yanashuka majina kurasa kwa kurasa na picha za watu wanaotabasamu. Wifi akafurahi, akasema kumbe wapo wengi hivi. Akaanza kupiga mtoto akilala. Namba ya kwanza ni ya hospitali na hawamjui huyo mtu. Mwingine amestaafu. Mwingine anaona watoto tu, mwingine alishahamia Dallas, mwingine anasema bima hiyo aliacha kuipokea zamani na amewaandikia wamtoe hawamtoi, mwingine jina lake limewekwa kwenye anuani kadhaa kwa hiyo ukidhani umepiga kwa watu wanne kumbe ni mmoja na amejaa. Waliobaki ni voismeli. Mtu mwenye sonona, ambaye kunyanyua simu tu kwake ni kazi ya siku nzima, anaambiwa acha ujumbe, na anaacha ujumbe anataja jina lake na shida yake kwa mtu asiyemjua, na simu hairudi. Baada ya hapo alikaa muda hajagusa tena lile jambo na hakuniambia. Nilikuja kujua kwa kaka.

Sasa hili sio la kampuni moja. Mei 2023 watumishi wa kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani walifanya hichohicho alichofanya wifi, wakapiga simu 120 kwa watoa huduma wa afya ya akili walio kwenye orodha za mipango 12 ya Medicare Advantage, hiyo ni bima ya wazee, kwenye majimbo sita, wakafanikiwa kupata miadi kwa asilimia 18 tu. Desemba mwaka uleule ofisi ya mwanasheria mkuu wa New York, Letitia James, ikapiga kwa karibu watu 400 waliokuwa kwenye orodha za mipango 13 wakiandikwa kwamba wanapokea wagonjwa wapya, asilimia 86 hawakupatikana, au hawako kwenye bima hiyo, au hawapokei. Wenyewe wanaiita mizimu. Kwa hiyo ukipiga simu kumi ukakosa, hujakosea namba, ndivyo orodha zilivyo.

Kwa nini ziko hivyo? Watu wengi wanadhani orodha ya bima inakuonyesha nani yupo tayari kukuona. Hapana, ile inaonyesha nani aliwahi kusaini mkataba. Kaunsela wengi wanafanya kazi peke yao, hana karani, hana wa kupokea simu, anaona watu mfululizo na voismeli anasikiliza usiku. Akijaa hana sababu ya kuiandikia bima, na bima nayo haina haraka ya kumtoa maana orodha ndefu ndo inayouzwa kwa waajiri. Halafu kuna malipo. Hapa mjini kulipa taslimu dola 150 mpaka 200 kwa kipindi ni bei ya kawaida, bima inamlipa chini ya hapo, kumsajili tu inachukua miezi, kila mgonjwa lazima aandikiwe jina la ugonjwa la sivyo hailipi, na inaweza kurudi baada ya muda mrefu ikasema rudisha hela tulikulipa kimakosa. Mimi nikiwa upande wa bili naona hayo kila wiki. Kwa hiyo kaunsela anayesema sipokei bima mimi simlaumu sana, daktari wa mifupa ana ofisi nzima ya watu kama mimi ya kupigana hiyo vita, yeye ana laptopu yake.

Nilipoingia nilimwambia wifi tuache orodha kwanza, lete kadi.

Watu hawasomi kadi. Hapa Texas kadi ya bima inayosimamiwa na jimbo lazima iwe na herufi TDI au DOI, zimeandikwa ndogo pembeni. Zikiwepo, malalamiko yako yanaenda idara ya bima ya Texas. Ya kaka haikuwa nazo, na hiyo mara nyingi maana yake mwajiri ndo analipa matibabu kutoka mfukoni mwake na kampuni ya bima inaendesha makaratasi tu kwa ada. Wafanyakazi zaidi ya nusu wenye bima ya kazini nchi hii wako hivyo na hawajui. Jimbo hapo halina meno, inakuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayoitwa ERISA, na wa kulalamikiwa ni wizara ya kazi, kitengo kinaitwa EBSA, wana namba ya bure 1-866-444-3272 na ukipiga anapokea binadamu. Usipojua uko upande gani utatuma barua nzuri sana kwa ofisi isiyo na uwezo juu ya bima yako.

Kitu cha pili kwenye kadi, nyuma kabisa, kulikuwa na namba nyingine ya simu ya afya ya akili, tofauti na ile kubwa ya mbele. Wifi alikuwa anapiga ile kubwa. Makampuni mengi yanatoa upande wa afya ya akili uendeshwe na kampuni nyingine au kitengo kingine, wana orodha yao na kompyuta zao, na ukiuliza upande usio wake utajibiwa kwa ujasiri kabisa jibu lisilo sahihi. Tukapiga hiyo ya nyuma. Kabla sijafungua mdomo wifi ilibidi aongee kwanza, ajitambulishe, aseme namruhusu wifi yangu anisemee, bila hivyo hawaongei na wewe hata kama wewe ndo unalipa hiyo bima. Lile ni jambo la siri za mgonjwa na ni sawa.

Kitu cha tatu kilichotuumiza zaidi, jina la mtandao. Kwenye kadi kuna jina kubwa la kampuni na chini yake kuna jina dogo la mtandao wa bima, na hilo dogo ndo lenye maana. Kampuni moja inaweza kuwa na mitandao mingi, mmoja mpana, mwingine mwembamba wa bei rahisi. Ukimuuliza kaunsela mnapokea bima fulani atasema ndiyo, na hadanganyi, anapokea ule mpana. Wewe uko kwenye mwembamba. Bili inakuja kama umeenda nje. Kwa hiyo swali sio mnapokea bima fulani, swali ni wewe binafsi, kwa leseni yako, kwenye anuani hii au kwa video, uko kwenye mtandao wenye jina hili, na naomba namba yako ya NPI. Hiyo NPI ni tarakimu kumi, kila mtoa huduma anayo, sio siri, iko wazi kwenye intaneti. Ukishaipata unawapigia bima unawasomea hiyo namba, unaacha kuuliza kwa jina maana majina yanafanana, na unamaliza kwa kuomba namba ya kumbukumbu ya hiyo simu na jina la aliyekujibu. Bila namba ya kumbukumbu hiyo simu haikutokea.

Kuna sheria inasaidia hapa na watu wanaijua kwa bili za dharura tu. Ile inayoitwa No Surprises Act, iliyoanza Januari 2022, inazitaka bima zihakiki orodha zao angalau kila siku 90, na ukiwauliza kwa simu kama fulani yumo ndani wakujibu ndani ya siku moja ya kazi, na ukienda kwa mtu kwa sababu wao wenyewe walikwambia yumo, kisha ikawa hayumo, unalipa kama yumo. Hii inawabana hata zile za mwajiri kujilipia. Ndo maana nilikuwa napiga picha ya skrini kila jina, na tarehe ionekane.

Nikarudi kwenye orodha sasa nikiwa na lengo lingine kabisa, sitafuti kaunsela, natafuta ushahidi kwamba hayupo. Hilo ndo jambo kubwa ninalotaka mtu aondoke nalo kwenye kisa hiki. Mgonjwa anapiga simu anakosa anajisikia vibaya anaacha, na bima haijui chochote. Mgonjwa anapiga simu anakosa anaandika jina, namba, tarehe, saa, alijibiwa nini, na kila simu iliyofeli inakuwa deni la bima, sio aibu yake. Kazi ileile, simu zilezile, ila moja inakujenga na nyingine inakuvunja. Na kusema kweli hizo simu sio lazima apige mgonjwa. Nilizigawa, mimi nikapiga mapumziko ya mchana, kaka akapiga akitoka shifti, hatutaji jina la wifi wala ugonjwa, tunauliza tu unapokea wagonjwa wapya, uko kwenye mtandao huu, nafasi ya kwanza lini.

Huku tukisubiri hatukumwacha hivihivi, na hapa naomba msome taratibu. Daktari wa uzazi aliyemzalisha anaweza kuanza kutibu sonona, huhitaji kusubiri kaunsela apatikane, na yeye yuko ndani ya bima tayari. Wifi alirudi kwake, akaanzishiwa dawa inayokubalika kwa anayenyonyesha. Texas kuna huduma inaitwa PeriPAN, ni ya madaktari sio ya wagonjwa, daktari wa uzazi akiwa hana uhakika anapiga anashauriwa na daktari bingwa wa akili wa akina mama wajawazito na waliojifungua, kwa hiyo daktari wako akikwambia hayo sio mambo yangu muulize kwa heshima kama anaijua PeriPAN. Halafu kuna namba ya taifa ya akina mama, 1-833-852-6262, ilianza Mei 2022, bure, usiku na mchana, simu au meseji, na wana wakalimani. Wifi aliitumia saa tisa usiku zaidi ya mara moja, hakuhitaji bima wala kadi. Na kama mama anaona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, au halali kabisa siku kadhaa na anaongea vitu visivyoeleweka, au anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo hakuna habari ya kutafuta kaunsela wa bima, ni 911, namba ya dharura, au 988, namba ya walio kwenye hatari ya kujiua, saa hiyohiyo.

Kuhusu kaunsela wa Kiswahili. Kila mtu aliyesikia alianza kututafutia Mswahili. Nia nzuri. Lakini wifi alikataa katakata, akasema wifi huku Watanzania tunajuana wote, harusi moja msiba mmoja, mimi nikimwambia mtu kwamba kuna siku simpendi mwanangu nataka asiwe anamjua mama mchungaji. Kaunsela ana kiapo cha siri, kweli, ila hofu yake haikuwa ya kijinga. Wengine watataka kinyume chake na wana haki pia, na kama Kiingereza ni shida basi ofisi nyingi zinazopokea hela za serikali zinatakiwa zikutafutie mkalimani bila kukutoza. Muulizeni mhusika kwanza kabla hamjamchagulia.

Tukajaribu na EAP, ule mpango wa kazini kwa kaka unaotoa vipindi vichache vya bure vya ushauri kwa mfanyakazi na watu wa nyumbani kwake. Hauendi kupitia bima, hauna kopei, ile hela unayochangia kila ukienda, hauna jina la ugonjwa, na watu hawautumii kwa sababu hawajui upo au wanadhani bosi atasoma. Bosi haambiwi nani ameenda. Tatizo lake ni kwamba kaunsela wa EAP anaweza asiwe ndani ya mtandao wako wa bima, vipindi vikiisha unabaki umeshamwaga moyo wako kwa mtu ambaye huwezi kumlipa. Tuliuliza mapema kabla ya kuanza, aliyekuwa anapatikana hakuwa kwenye mtandao, wifi akasema sitaki kusimulia mara mbili. Nilimwelewa.

Kuna na kituko kingine. Kliniki moja iko ndani ya mtandao kweli kweli, tukashangilia, nafasi ipo wiki ijayo. Nikauliza atamwona nani. Wakasema fulani, LPC Associate. Huyo ni kaunsela ambaye bado yuko chini ya usimamizi akimalizia saa zake, wengi ni wazuri tu na bei zao taslimu ni nafuu, lakini bima nyingi hazimlipi yeye. Kliniki iko ndani, mtu aliye kwenye kiti yuko nje. Ungeenda ungejua kwenye bili.

Aliyepatikana mwisho hakutoka kwenye orodha ya bima. Tulimpata kwenye orodha ya Postpartum Support International, hilo ni shirika la akina mama wa aina hii, wana mafunzo yao na cheti chao kinaitwa PMH-C. Yuko San Antonio, anaona watu kwa video, ana leseni ya Texas na hilo ndo muhimu maana leseni inafuata pale mgonjwa alipokaa, sio alipo kaunsela. Alijibu barua pepe siku hiyohiyo. Alikuwa kwenye mtandao mpana wa kampuni yetu. Kwenye ule mwembamba wetu hayumo. Nilicheka peke yangu kwenye gari.

Hapo sasa ndo ule ushahidi ukafanya kazi. Kuna kitu kinaitwa "network gap exception", na ukipiga simu kiite hivyohivyo kwa Kiingereza maana ukielezea kwa maneno mengine watakwambia hakipo. Ni ruhusa ya kumwona mtu wa nje kwa gharama za ndani kwa sababu bima yenyewe imeshindwa kukupa mtu wa ndani mwenye ujuzi unaohitajika kwa wakati. Tulipoomba kwa simu yule dada alisema mfumo unaonyesha tuna wataalamu wengi ndani ya maili kumi. Nikamwambia sawa dada yangu, naomba unitajie mmoja mwenye nafasi, nakusubiri. Akatutumia majina. Yote tulikuwa nayo tayari kwenye karatasi yetu na jibu la kila mmoja.

Kwa hiyo tukaandika. Barua imesainiwa na wifi, fupi, inasema naomba ruhusa hii, kwa kaunsela huyu mwenye NPI hii, vipindi kadhaa, kuanzia tarehe hii. Nyuma yake jedwali la simu zote. Nyuma yake barua ya daktari wa uzazi inayosema mgonjwa anahitaji mtu mwenye uzoefu wa sonona ya uzazi na hawezi kusubiri. Nilitaja pia ile sheria ya usawa ya mwaka 2008, inayosema bima ikishalipia afya ya akili isiiwekee vikwazo vikali kuliko inavyoweka kwa magonjwa mengine ya mwili, nikauliza kwa maandishi kama mtu akivunjika mguu naye anaambiwa apige simu mwenyewe mpaka ampate wa kumfunga plasta.

Halafu, kwa sababu mwajiri ndo mlipaji, kaka akaandikia ofisi ya rasilimali watu kazini kwake. Hapa tulibishana nyumbani. Mimi nilitaka aeleze, yeye hakutaka kazini wajue mkewe ana nini, na alikuwa sahihi, akaandika tu kwamba familia inatafuta huduma ya kitaalamu iliyo ndani ya bima, orodha haina mtu, wameomba ruhusa na haijibiwi. Hakutaja huduma gani. Ruhusa ilitoka muda mfupi baada ya hiyo barua pepe. Barua yetu ya kurasa nyingi ndo ilifanya kazi au mistari minne ya kaka? Mimi nina maoni yangu, na mistari minne naipa sifa kubwa.

Ila ruhusa peke yake haitoshi, na hili hata wenzangu wa bili wanalisahau. Ruhusa inasema bima itahesabu kama yuko ndani, haimzuii kaunsela kukudai tofauti ya bei yake na ile ya bima. Lazima bima na kaunsela wasaini makubaliano ya mgonjwa huyo mmoja, bei imeandikwa, na kaunsela akubali hiyo bei kuwa mwisho. Yule wa San Antonio alikubali kwa sababu alikuwa ameshawahi kufanya hivyo. Mwingine angekataa na tungerudi mwanzo.

Vipindi vikaanza. Sitasema walichoongea, sijui na sijauliza. Nilichoona ni kwamba siku moja nilifika nikakuta mapazia yamefunguliwa na wifi ananisema kwa nini sijaleta chombo chake cha plastiki, nikajua anarudi.

Bili za kwanza zikaja zimekokotolewa kama nje ya mtandao. Kaka akapandwa na hasira, wifi akasema basi naacha, nikawaambia hiyo ndo kazi yangu ya kila siku tulieni. Kwanza namba ya ruhusa haikuwekwa kwenye dai. Pili, kila huduma ina namba yake kwenye bili, na bima iliidhinisha 90834, kipindi cha dakika 45, kwa vitabu ni dakika 38 mpaka 52, na kaunsela alikuwa anakaa naye karibu saa nzima na kuandika 90837, ambayo ni dakika 53 na kuendelea. Kompyuta haikuona ruhusa ya 90837 ikatupa nje. Hapo huwezi kumwambia kaunsela abadilishe namba ili hela itoke, ukishatoa huduma fulani unaandika hiyohiyo, vinginevyo ni udanganyifu na leseni yake iko hapo. Njia ni kuirudia bima iongeze hiyo namba kwenye ruhusa kuanzia tarehe ya mwanzo, kisha madai yote yapitishwe upya. Tuliomba hivyo kwa maandishi, na nikamwekea kaka kwenye kalenda ule muda wa rufaa wa siku 180 tangu dai likataliwe, ili wakizunguka tusije kuambiwa tumechelewa. Walikubali kwa madai mengi. Mawili yalibaki.

Na karatasi za maelezo ya malipo zinatumwa kwa mwenye bima, yaani kaka, zikiwa na jina la huduma na tarehe. Kwa wifi haikuwa shida. Kwa mwanamke ambaye mume ndo sehemu ya tatizo ni shida kubwa, na ana haki ya kuiomba bima karatasi zake zitumwe anuani nyingine akieleza kwamba zikienda nyumbani zinaweza kumhatarisha. Ni fomu, iombwe kabla ya kipindi cha kwanza, sio baada.

Ikafika Januari. Hesabu ya diduktibo ikaanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo hata na ruhusa mkononi wifi analipa bei yote ya makubaliano mpaka aimalize tena, na ruhusa yenyewe ilikuwa na tarehe ya mwisho. Tuliomba iongezwe mapema na sababu tuliyoweka ni kwamba matibabu yapo katikati, kubadilisha mtu sasa ni kuanza upya, na daktari akaandika hivyohivyo. Wameongeza, vipindi vichache kuliko tulivyoomba. Kwa sasa wanaonana kila wiki mbili badala ya kila wiki, na yeye mwenyewe ndo aliyependekeza hivyo, dawa bado anatumia. Yale madai mawili nimeyatuma tena, namba ya ruhusa nimeiweka ukurasa wa kwanza, na nakala imeenda EBSA.